Sauti Bila Sura: Kuzungumza na Usiowajua Mtandaoni

Watu wetu hawakuanza jana kuzoeana kwa sauti na wasiowajua. Enzi za kadi za salamu zilizosomwa redioni, msikilizaji wa Radio Tanzania aliyeishi Tabora alimfahamu kwa jina la utani mwenzake wa Tanga ambaye hajawahi kumtia machoni, na nchini Kenya wasalimiaji wa redio walifikia hatua ya kuanzisha vilabu vyao. Katikati, hata hivyo, alikuwapo mtangazaji. Ndiye aliyesoma kadi, ndiye aliyeamua kipi kiende hewani, na anwani ya msalimiaji ilikuwa sanduku la posta. Leo hayupo. Kijana anafungua Spaces, yaani vyumba vya sauti vya X, au chumba cha sauti cha Telegram au maiki ya mchezo wa Free Fire, na baada ya sekunde chache mtu aliyeko Muscat, Goma au Minneapolis anamsemesha sikioni.

Sauti imependwa kwa sababu zinazoeleweka. Haimalizi bando: kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde, mazungumzo ya saa nzima hula kama megabaiti 14 tu, ilhali video humeza mamia. Haimdai mtu awe hodari wa kuandika, na mikono inabaki huru kupika au kufunga mizigo dukani. Kwa aliyeko ughaibuni, chumba cha sauti usiku ni mahali pa kusikia lugha ya nyumbani ikisemwa kwa nafasi. Hata wanaojifunza Kiswahili wamefaidika, kwani kupitia programu za Tandem au HelloTalk mwanafunzi wa Berlin anampata mtu wa Morogoro wa kumrekebisha ngeli. Faida hizi ni za kweli, ndiyo maana ushauri wa "usizungumze na usiowajua" hauna wa kuufuata, na sidhani kama unafaa kufuatwa.

Ukiangalia jinsi watu wanavyoumizwa, utaona kwamba madhara mengi hupita njia moja: mazungumzo huhamishwa. Hutolewa kwenye chumba cha watu wengi yakapelekwa faraghani, kisha kutoka maongezi matupu yakaelekea kwenye namba ya simu, picha, pesa au miadi. Anayehamisha hutegemea zaidi adabu ya anayehamishwa kuliko ujinga wake. Tumelelewa kuitikia salamu. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa kumpa shikamoo mtu mzima yeyote, amjue asimjue, na kumgeuzia mgongo mtu anayezungumza ni aibu kwa aliyemlea. Malezi hayo ni mazuri na sitaki yafe. Lakini yamejengwa juu ya mazingira ambamo mgeni ana sura, ana mwenyeji aliyemleta, na kuna majirani wanaoona. Mtandaoni vyote hivyo havipo, ila ule uzito wa kumkatisha mtu mzima maneno unabaki palepale. Msichana wa miaka kumi na mitano anayesikia sauti nzito ikimwambia "mwanangu, usikate kwanza" anashindwa kukata, na anashindwa kwa sababu ya heshima aliyofundishwa nyumbani.

Sauti yenyewe pia ina nguvu zake. Ujumbe ulioandikwa unaweza kuusoma mara mbili, ukampelekea rafiki, ukalala ukaamka ndipo ukajibu. Sauti hudai jibu sasa hivi. Ina kicheko, ina pumzi, ina kikohozi cha mtu aliyechoka na siku yake. Mtu unayemsikia kila usiku kwa wiki mbili huanza kuonekana kama wa nyumbani, japokuwa hujui hata kama jina alilokupa ni lake. Masikio yetu yamezoea kwamba aliye karibu kiasi cha kusikika akipumua ni mtu tunayemwona.

Wengi hudhani jina bandia na picha ya ua vinatosha kuwaficha. Havitoshi. Mtu akisema sentensi tatu, mwenye sikio zuri atajua kama ni wa Pemba, wa Mombasa, wa Lubumbashi au amekulia Eastlands ya Nairobi. Nyuma yake kuna mengine yanayosikika: kondakta anataja vituo, jirani anamwita mtoto kwa jina, kengele ya shule inalia. Adhana ya magharibi nayo inatoa habari. Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwenye saa na nia mbaya anaweza kukisia mzungumzaji yuko upande gani wa nchi bila kumuuliza lolote. Dawa yake ni ndogo: zima maiki usipozungumza, tumia spika za masikioni, na chukua zamu yako ukiwa ndani, mbali na dirisha la barabarani.

Tuifuate sasa ile njia ya kuhamishwa kwa karibu zaidi, maana anayeijua ataitambua hata ikija kwa mavazi mengine. Chukua mfano wa dada anayeuza vitenge, ambaye amechangia mada kwenye Space ya biashara ndogo ndogo. Kesho yake ujumbe unaingia inboksi: "Habari dada, jana umeongea point sana. Mimi pia niko kwenye nguo, nipo Guangzhou. Nipe namba tuongee WhatsApp, huku mtandao unasumbua." Hakuna kosa katika maneno hayo. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata mizigo Guangzhou, China, ni wengi, na mtandao husumbua kweli. Kinachostahili kuangaliwa ni kile kinachoombwa.

Kwetu, namba ya simu ni zaidi ya namba. Mtu akiiandika kwenye M-Pesa au Airtel Money kana kwamba anatuma pesa, hutokea jina la aliyesajili laini ili mtumaji ahakiki kabla ya kuthibitisha. Utaratibu huo uliwekwa kutuepusha na kutuma hela kusikostahili, na umewaokoa wengi. Lakini laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa hiyo jina linalotokea mara nyingi ndilo la kweli. Dada aliyekuwa anajulikana kwa jina la duka tu sasa majina yake yako mikononi mwa mtu ambaye yeye hamjui hata kabila. Kwa majina hayo atatafutwa Facebook, wataonekana watoto wake, shule aliyosoma, harusi ya mdogo wake. Mgeni akirudi kuzungumza usiku wa pili atakuwa anajua mengi, naye dada atafikiri wana bahati ya kufanana.

Ndiyo maana nashauri jambo hili kabla ya mengine yote: namba yenye pesa isitolewe kwa mtu uliyemkuta chumba cha sauti. Telegram ina sehemu ya kuficha namba, na kwenye Spaces au Discord watu huzungumza bila kuonyeshana namba kabisa. Anayehitaji kweli kufanya biashara ataendelea kuzungumza hapohapo mlipokutana. Akikasirika kwa kunyimwa namba, amekwisha kujieleza. Na kwa wenye biashara ambao namba yao lazima ijulikane, laini ya pili iliyosajiliwa kwa ajili ya kazi ni gharama ndogo. Mtanzania anaweza kupiga *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, jambo linalofaa kufanywa mara kwa mara hata na asiyezungumza na mgeni yeyote.

Baada ya namba huja shinikizo la haraka. Mzigo umekwama bandarini, mama yuko hospitali, nafasi ya kazi inafungwa leo jioni. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu ameuona. Hutumwa kwa kubahatisha, na wengi huufuta wakiendelea na shughuli zao. Utapeli wa sauti ni mwingine, kwa sababu aliyeleta shida ni yule aliyekuuliza jana kama mtoto amepona homa. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya serikali kuu ilipokea kwa mwaka 2022 taarifa za watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa njia ya mapenzi, na jumla ya hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Hao ni walioripoti. Aibu huwaziba midomo wengi.

Aliyeko upande wa pili wa simu anaweza kuwa naye ni mateka. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kwamba angalau watu 120,000 nchini Myanmar, na takriban 100,000 Cambodia, walikuwa wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wakenya na Waganda wamekuwa miongoni mwa waliookolewa kwenye maboma ya mpakani mwa Myanmar na Thailand. Wengi walikwenda kwa kuahidiwa kazi, mara nyingi ya huduma kwa wateja au mauzo huko Thailand, na baadhi yao ahadi iliwafikia mtandaoni. Kijana anayetafuta kazi alichukulie hilo kwa uzito. Sauti tamu inayokupa ajira nje ya nchi bila usaili wa maana, ikakukatia tiketi na kukwambia usimweleze mtu kwanza, inaweza kukufanya wewe uwe ndiye mgeni anayewapigia wengine.

Kuna hatari ya kiufundi ambayo nitaipita haraka. Baadhi ya programu huunganisha simu mbili moja kwa moja, na hapo anwani ya IP ya kila mmoja inaweza kusomwa na mwenzake, ikaonyesha nchi, kampuni ya mtandao na mara nyingine mji. Skype ilisumbuliwa na tatizo hilo kwa miaka hadi ilipoanza, mwaka 2016, kuificha anwani hiyo bila mtumiaji kuwasha chochote. WhatsApp iliongeza mwaka 2023 uwezo wa kuficha anwani ya IP kwenye simu na wa kunyamazisha simu za wasiojulikana. Vyote viko kwenye mipangilio ya faragha, na vyote inakubidi uviwashe mwenyewe. Viwashe leo.

Kurekodiwa kunahitaji muda zaidi. Chumba cha sauti kina ladha ya baraza: watu wanaongea, wanacheka, wanaondoka, na inaonekana maneno yamekwenda na upepo. Februari 2021, programu ya vyumba vya sauti ya Clubhouse ikiwa kwenye kilele cha sifa zake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza kwamba namba za utambulisho za watumiaji na za vyumba zilikuwa zinasafirishwa bila kufichwa kupitia miundombinu ya Agora, kampuni yenye makao Shanghai. Mwezi huohuo mtumiaji mmoja alipatikana akipeleka sauti za vyumbani kwenye tovuti yake mwenyewe. Wala kurekodi hakuhitaji ufundi huo. Simu ya pili iliyowekwa kando ya ya kwanza inatosha. Kwa hiyo chochote unachokisema mbele ya wageni kichukulie kuwa kimerekodiwa.

Hili linawagusa sana wanaozungumza siasa. Serikali nazo huvifuatilia vyumba hivi: Oman ilifunga Clubhouse Machi 2021. Nchini Kenya, wakati wa maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha wa 2024, Spaces zilikuwa uwanja wa mijadala kiasi kwamba Rais William Ruto mwenyewe aliingia kwenye moja Julai 5 kujibu vijana. Nchini Tanzania, X ilizuiwa Mei 2025. Katika chumba chenye maelfu ya wasikilizaji, anayenyamaza muda wote huenda ni mwanafunzi mwenye haya, na huenda ni mtu aliyetumwa kusikiliza. Simwambii yeyote anyamaze. Uhuru wa kusema usipotumiwa hufa. Nasema tu kwamba anayetoa maoni makali asitaje kwenye pumzi hiyohiyo mtaa anaokaa na ratiba yake ya kesho.

Kisha imekuja akili mnemba. Januari 2023 Microsoft ilionyesha mfumo uitwao VALL-E unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Mwaka mmoja baadaye wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa simu kwa sauti ya kuigiza ya Rais Biden ikiwaambia wasipige kura, na Februari 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikatangaza kuwa simu za kiotomatiki zenye sauti za aina hiyo ni kinyume cha sheria. Yanayoweza kufanyika kwetu si magumu kuyaona: mtu anarekodi sauti yako kwenye Space, kisha anampigia mama yako Singida akilia kwa sauti yako kwamba umeshikwa na polisi. Familia inapaswa kuwa na neno lake la siri, au swali ambalo jibu lake halipo mtandaoni, kama vile jina la mbwa wa babu. Na mama aambiwe mapema kwamba anaruhusiwa kukata simu ya "mwanawe" na kumpigia upya kwenye namba anayoijua.

Wanawake wana mzigo wa ziada. Mara tu sauti ya kike inaposikika kwenye timu ya mchezo au kwenye mjadala wa mpira, mada hugeuka: anaulizwa umri, anaombwa picha, au anatukanwa. Wengi wamechagua kucheza na maiki imezimwa, na hiyo ni hasara kwa kila mtu. Mwenyeji wa chumba ana wajibu hapa kuliko msikilizaji yeyote, maana ndiye mwenye uwezo wa kumshusha mtu jukwaani na kumtoa. X inamruhusu kuwa na wenyeji wenza wawili. Mmoja aongoze mada; mwingine apitie akaunti za wanaoomba maiki, aone kama zina siku mbili au miaka miwili, na asikilize ni nani anaandamwa. Chumba ambacho tusi la kwanza linapita bila neno, la kumi litakuwa baya zaidi.

Kuhusu kukutana ana kwa ana, nitasema machache. Januari 2024 mauaji ya wanawake kwenye nyumba za kupanga kwa muda mfupi jijini Nairobi yaliamsha maandamano makubwa, na mjadala wa miadi na watu waliofahamiana mtandaoni ukashika kasi. Kabla ya miadi yoyote iwepo simu ya video. Mahali pawe pa watu na mchana, nauli iwe yako ya kwenda na kurudi, na awepo ndugu anayejua uko wapi na unarudi saa ngapi. Anayesisitiza mkutane chumbani siku ya kwanza ameshakupa sababu ya kutokwenda.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wazazi wengi wanajua WhatsApp na TikTok, lakini hawajui kwamba mchezo unaochezwa sebuleni una maiki inayowafikia watu wazima wa nchi nyingine. Mtoto anavaa spika za masikioni, mzazi anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "ndiyo, sawa, niko peke yangu." Sentensi hiyo ikisikika, mzazi aache anachokifanya. Chomoa spika hizo, mchezo usikike sebuleni kwa wote. Kanuni hiyo moja huzuia mengi kuliko programu yoyote ya ulinzi, kwa sababu mwenye nia mbaya hataki msikilizaji wa tatu.

Hata hivyo utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na Interpol, unatukumbusha tusielekeze macho yote kwa wageni. Nchini Tanzania ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepatwa na unyanyasaji mkubwa wa kingono mtandaoni katika mwaka mmoja, na katika nchi ulikofanyika ilionekana wanyanyasaji mara nyingi ni watu ambao mtoto alikuwa anawajua tayari. Watoto wachache sana waliripoti. Sababu moja naijua kwa kuwasikiliza watoto wenyewe: wanaogopa kunyang'anywa simu na kupigwa. Mzazi akitaka kuambiwa, atangaze mapema nyumbani kwamba atakayesema hataadhibiwa, kisha atimize. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inafanya kazi Tanzania na Kenya. Usifute ujumbe wala historia ya simu kwa hasira. Hivyo ndivyo vielelezo. Matapeli wa pesa Tanzania huripotiwa kwa kutuma namba zao kwenda 15040.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina za 2018 na 2019 katika maeneo hayohayo. Kinachokosekana ni masikio. Watengenezaji wa mchezo wa Call of Duty walipoanza mwaka 2023 kutumia ToxMod, mfumo unaosikiliza matusi na vitisho kwenye maiki, ulianza kwa Kiingereza. Kijana wa Mwanza anayetishiwa kwa Kiswahili cha mtaani, au wa Nairobi anayetukanwa kwa Sheng, anahitaji msikilizaji anayeelewa kilichosemwa, na hapo kampuni haziwezi kudai kuwa watu hawapatikani. Hadi mwaka 2023 Nairobi ilikuwa na kituo cha kampuni ya Sama ambako wafanyakazi walikagua maudhui ya Facebook kwa lugha za ukanda huu. Kazi hiyo ilipokoma, 184 kati yao walikwenda mahakamani kupinga jinsi walivyoachishwa, na wengi walieleza madhara ya akili yaliyotokana na waliyolazimika kuyatazama. Ofisi zetu za ulinzi wa taarifa, Dodoma na Nairobi, zinaweza kuzitaka kampuni za vyumba vya sauti zieleze zinahifadhi sauti zetu kwa siku ngapi, na nani anasikiliza malalamiko ya Kiswahili. Na watakaoajiriwa kuyasikiliza wapewe mkataba, mshahara unaolingana na uzito wa kazi, na mshauri nasaha kuanzia siku ya kwanza.